Hatua Makumi Tatu ya Verdiane

Siku ya kwanza ya juma, 18/9/2023

Mimi Barthélemy wa Kingi naanza kuandika hapa. Hii kaye ya kuandikia ni Nadine alinunua, mutoto yangu wa mwisho. Alisema, "Papa, utaandika tarehe, saa, na kama Mama amekunywa kinini, dawa yake. Basi." Mimi sitaandika basi. Niko na myaka makumi saba na moja, nililima hii mulima mbele watoto wangu wazaliwe, na kwa masomo nilifika mwaka ya ine. Wenzangu wa ile darasa walishakufa ao walisahau kuandika. Mimi hapana.

Habari yenyewe ni hii. Bibi yangu Verdiane, mama yao, anatetemeka. Ilianza kwa kidole moja ya mukono ya kuume, kama inahesabu shanga za rozari bila rozari. Sasa ni mukono yote, na miguu inagandamana na udongo. Nadine ni muuguzi kule Goma kwa Dokta Thierry mwenye kutunza ugonjwa hiyo. Dokta hawezi kupanda huku juu ya vita. Njo Nadine akaleta telefone. Ndani kuko aplikasyo yenye kusikia gisi muntu anatembea: kama anatikisika, kama anainama, kama anageuka. Unafunga telefone nyuma ya kiuno na kitenge, unabonyeza Anza, mugonjwa anatembea hatua makumi tatu, unabonyeza Simamisha. Inatoka mistari. Unabonyeza Eksporte, ile mistari inakuwa fishiye ya namba tupu, unaituma Goma kila posho, siku ya sita ya juma. Dokta akiangalia namba anajua kinini ngapi mugonjwa anastahili.

Nadine alirudilia mara tatu: "Papa, atembee peke yake. Ukimushika, Dokta hataona ugonjwa, ataona wewe."

Nilimuambia mimi siko mutoto.

Jirani yetu Hakorimana, wa ngombe na fromaje ya maziwa, bibi yake Mukandori naye anatetemeka. Telefone ni moja kwa nyumba mbili. Hakorimana hajue kusoma. Mimi njo mukubwa wa telefone.

Posho, 23/9

Asubuhi nilipima wote wawili. Mukandori wa kwanza. Mistari yake inaruka kama mbuzi ya kamba. Nilimuambia Hakorimana, "Jirani, bibi yako anaandika vibaya kuliko wewe." Alicheka. Ni muntu wa kucheka-cheka, hana uzito.

Halafu Verdiane. Kutoka kwa mulango mpaka kwa muti ya avoka ni hatua kumi na tano, kurudia kumi na tano. Katikati miguu ilikatala. Alisimama pale, anaangalia chini kama kuko mutaro mbele yake, na mutaro hakuna. Nilihesabu mpaka makumi ine. Mistari yake, afadhali mbuzi.

Nilienda Masisi centre kwa duka ya Mama Kaswera, Munande wa Butembo, kwake njo kuko rezo ya telefone na pano ya jua ya kuchaji. Jules, fundi wa cherehani, alichungulia juu ya bega yangu.

"Muzee, hii ni nini inaruka hivi?"

"Ni matembezi ya bibi yangu."

"Ee! Mama anacheza ndombolo na myaka yake yote ile?"

Watu walicheka. Mama Kaswera peke yake hakucheka. Alisema, "Jules, shona." Mimi nilituma, nikarudia. Njia yote naona ile mistari.

Siku ya tano, 29/9

Mvua. Maharagi imeota yote. Ya wengine imeota nusu.

Posho, 30/9

Niliwaza hivi. Verdiane nilimuoa kanisani, mbele ya watu. Mwanaume gani anasimama kwa mulango, mikono nyuma, bibi yake anajikokota peke yake majirani wanaangalia, kama mujane? Huku kwetu hata kilema akienda kukomunika kanisani, kuko mukono ya muntu chini ya kiwiko yake. Dokta ni wa muji, hajue hiyo.

Nilimushika kiwiko. Vidole viwili tu. Alitembea kama ile siku tulienda kubatiza Nadine. Hatua makumi tatu, hakusimama hata mara moja. Mistari ililala kama maji ndani ya ndoo.

Mbele ya kutuma nilionyesha Jules. Aliangalia, akaweka uzi ndani ya sindano.

Siku ya pili, 3/10

Nadine ametuma sauti: "Papa wee! Dokta amefurahi sana. Anasema Mama njo anaendelea muzuri kuliko wagonjwa wote wa programu. Papa, uko unafanya kazi ya mukubwa!" Niliisikiliza mara tano. Mama Kaswera alisema batri itakufa. Ikufe.

Posho, 7/10

Vile vile. Vidole viwili.

Posho, 14/10

Vidole viwili, halafu mukono muzima. Mukandori alitembea peke yake, bwana yake amesimama mbali anamutia moyo na mudomo tu, "Mama, mbele, Mama, mbele." Mistari mibaya. Nilimuhurumia Hakorimana gisi hajue kusaidia bibi.

Posho, 21/10

Risasi kwa milima ya ng'ambo tangu asubuhi. Watu wanapita kwa barabara na matela ya kulalia kwa kichwa, wanatoka upande wa Kitchanga. Tulipima vilevile. Vita haiwezi kuniambia siku ya kupima bibi yangu.

Siku ya ine, 26/10

Verdiane alianguka jikoni, juu ya mafiga. Kiwiko imeungua, ile ile ninashikaka. Nilimupakaa mafuta ya ngombe Mukandori alituma. Hakulia. Alisema, "Papa Nadine, ile kinini yangu haitoshi." Nilimuambia Goma wanasema anaendelea muzuri. Aliniangalia.

Posho, 28/10

Leo hakuamuka. Miguu ilikatala tangu kitanda. Nilimuinua mara mbili, mara mbili akarudi chini kama gunia ya viazi. Saa ya kutuma inapita, Nadine atauliza fishiye iko wapi, na Dokta atasema yule wa kwanza wa programu amekuwa nini.

Nilikamata kitenge yake. Nilifunga telefone kwa kiuno yangu mimi. Padri alisema bwana na bibi ni mwili moja, alisema ile kwa mulango ya kanisa na ushuhuda wa watu, mimi sikuongeza. Nilitembea polepole, hatua fupi, gisi yeye anatembea siku muzuri. Kwenda kwa avoka, kurudia. Kwa myaka yangu natembea kama kijana, ilibidi nijizuie.

Verdiane aliona yote kwa mulango wazi, amelala upande kwa kitanda. Sauti yake siku hizi ni ndogo, unainama kusikia.

"Papa Nadine. Unatuma nani?"

"Natuma sisi."

Aligeuza uso kwa ukuta. Nilituma.

Posho, 4/11

Natoka kutuma, kwa bariere ya njia vijana wa bunduki walikamata telefone. Mukubwa yao aliona mistari.

"Muzee, unapima njia yetu? Unatumia nani hii?"

"Ni kiuno ya bibi yangu."

Walicheka mpaka moja akakaa chini. Walinirudishia. Nilifika nyumbani natetemeka kweli, kama Verdiane, lakini telefone ilikuwa mufukoni.

Posho, 11/11

Nilitembea. Nilituma.

Siku ya ine, 16/11

Leo naandika polepole.

Nadine alipiga. Alikuwa na sauti ya kutuliza muntu. "Papa, dawa iko inafika kidogo sana. Dokta amekaa na fishiye zote, ameamua: wenye mistari mizuri watapata nusu kinini kwa siku, wenye mistari mibaya wataongezewa. Mama iko muzuri, atavumilia. Ile nusu ingine ya Mama itaenda kwa Mama Mukandori. Si njo sawa, Papa?"

Nilikuwa nasimama kwa mulango ya Mama Kaswera, Jules iko pale, watu wako pale. Nilisema, "Njo sawa."

"Nipatie Mama nimusalimie."

"Amelala."

"Kila siku nikipiga Mama analala."

"Anapumuzika. Anaendelea muzuri, si njo uliniambia?"

Alisema rezo ni mubaya, akakata.

Njiani nilianza mara tatu kurudia kumuambia. Mara ya tatu nilifika mpaka kwa kisima. Mvua ikaanza. Nikasema kesho.

Siku ya tano, 17/11

Kesho imefika. Sikuenda.

Posho, 18/11

Nilitembea. Verdiane alisema, "Mwambie mutoto." Nilisema rezo imekatika. Rezo ilikuwako.

Siku ya Mungu, 26/11

Nusu kinini asubuhi. Mpaka saa ine iko muntu. Nyuma ya saa ine inakuwa mbao. Ninamugeuza mimi, ninamulisha mimi, ninamuosha mimi. Hakuna mwanaume Kingi yote mwenye anaosha bibi yake kama mimi. Hii siandike kwa kujisifu. Ndiyo, ni kwa kujisifu pia.

Posho, 2/12

Mukandori alikuja kwa miguu yake. Peke yake. Ameshika fromaje ndani ya majani, haikuanguka. Alikaa karibu ya Verdiane, akamushika ule mukono wenye kuhesabu, akaacha ihesabu ndani ya mikono yake. Mimi nilitoka inje, nilienda kupalilia mahali nilishapalilia.

Nilimupima Mukandori mbele arudie. Mistari yake imeanza kulala.

Siku ya pili, 5/12

Hakorimana alikuja asubuhi, anavaa botte za mvua, amesimama kwa mulango hataki kukaa.

"Papa Barthélemy, maua ya uzio wa mipaka yetu ni mafupi."

"Panda ingine basi."

"Nasema ni mafupi. Ngombe nikiwaangalia, naona kwako. Ile posho ya mwezi wa kumi niliona. Na ile ingine. Wewe njo ulitembea."

Nilisikia moto kwa masikio. Nilimuambia muntu mwenye hajue kusoma atajua nini ya telefone. Hakucheka, na hakukasirika. Alitosha karatasi mufukoni, ndani kuko kinini.

"Mukandori amesema nilete. Hii ni nusu ya yake. Sisi tulikuwa tunamuacha atembee mubaya, watu wanacheka, juu Nadine alisema njo vile. Ilikuwa inaniuma pia, jirani. Usifikiri haikuniuma. Kamata."

"Bibi yangu halishwe na mabaki ya bibi yako."

Neno hiyo ilitoka. Niliisikia ikitoka, kama sahani imeponyoka na bado haijafika chini. Hakorimana alikunja karatasi. Alisema, "Siku ukitaka, unajua njia." Akaenda. Ndani ya nyumba Verdiane alikuwa amesikia. Jioni alisema tu ninyooshe muto.

Siku ya kwanza, 25/12

Noeli. Verdiane alimeza supu vijiko vine.

Posho, 6/1/2024

Tunavuna maharagi. Nasema tunavuna, ni mimi peke yangu. Nzuri, mbegu nyekundu, nzito. Mabomu yanasikika mpaka vikombe vinagongana kwa kabati. Nusu ya Kingi imeondoka.

Siku ya Mungu, 21/1

Maji ilimukaba. Nilimupiga mugongo mpaka ikatoka. Nilipomulaza, alivuta kola yangu na vidole vile, nikainama.

"Papa Nadine, mimi sina haya. Wewe njo uko nayo."

Siku ya kwanza, 22/1

Nilivaa koti ya kanisa, nilienda kwa Hakorimana. Njiani nilikuwa napanga maneno. Sijapanga kuomba kitu kwa muntu tangu nizaliwe, ilikuwa kama kujifunza kusoma tena. Nilipata haya: "Jirani, nilikosa. Nipe ile karatasi."

Kizizi ilikuwa wazi. Hakuna ngombe. Mulango imefungwa na kamba, ndani mbao ya fromaje zimebaki tupu. Muntu wa barabara alisema walienda jana asubuhi, na ngombe zote, upande wa Walikale, labda watafika mpaka Mubi. Mukandori alikuwa anatembea mbele, na fimbo ya kuchunga.

Nilisimama pale muda murefu na koti yangu. Nilisema maneno yangu, vilevile, kwa mulango.

Posho, 27/1

Leo nilipima Verdiane. Yeye.

Nilimuambia nataka kufanya nini. Alisema, "Nisimamishe halafu uniache." Nilifunga telefone kwa kitenge yake, kiuno imekuwa ndogo, kitenge ilizunguka mara mbili. Nilimusimamisha kwa mulango. Nilibonyeza Anza. Nilitosha mikono, nikamuacha.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Alisimama anatetemeka yote, nguo yake inatetemeka, na mimi mikono yangu iko angani karibu yake bila kumugusa, na ile njo kazi nguvu kuliko zote nimefanya, na nilishapasua mawe ya barabara. Hatua ya tatu. Halafu alianguka, na nilimukamata mbele afike chini. Telefone iliandika mpaka pale kifua yangu ilimupokea.

Alisema, "Ni ngapi?"

"Tatu."

"Tuma tatu."

Siku ya Mungu, 28/1

Nilituma. Pamoja na sauti yangu. Nilisema kwa Nadine: ile mizuri haikuwa Mama. Zingine nilimushika. Zingine ni mimi. Nilisema mara moja tu, bila kuanza na habari zangu zingine. Jules alikuwa pale, alisikia yote. Aliacha cherehani, akaniletea kiti.

Siku ya pili, 30/1

Nadine alipiga. Kwanza alilia. Halafu alikasirika, na vile hajanikasirikia tangu azaliwe. "Papa, ulitembea kwa mahali yake? Mama alikuwa analala pale anakuona, na wewe unatembea?" Sikujitetea. Mwishoni alisema Dokta ametosha dawa yote ya akiba alikuwa nayo ya kuokoa muntu, kinini makumi sita. Mama Kaswera iko Goma kununua mizigo, atapanda na gari yake ya Fuso siku ya tatu ya juma yenye kuja, atazificha ndani ya chumvi.

Nilimuambia Verdiane: siku nane. Alifumba macho mara moja, njo ndiyo yake sasa.

Siku ya kwanza, 5/2

Siku mbili zimebaki. Alimeza uji kidogo.

Siku ya tatu, 7/2

Nilikaa kwa barabara tangu asubuhi. Fuso hakuna. Hata pikipiki hakuna. Kulipita watu tu, wa kukimbia, wanasema barabara imekatika kwa Sake.

Siku ya tano, 9/2

Rezo ilirudia kidogo. Nadine anasema Mama Kaswera alifika mpaka Mubambiro. Alilala ndani ya gari siku mbili akingoja. Alitaka kutembea kwa miguu na ile karatasi kifuani, waaskari walimurudisha, mabomu ilikuwa inaanguka mbele yake. Amerudi Goma. Kinini iko kwake. Iko kwa meza yake, Nadine anaiona.

Kutoka hapa mpaka Goma, zamani nilitembea kwa siku mbili na muzigo ya viazi.

Siku ya pili, 13/2

Verdiane amekufa asubuhi hii, saa moja na nusu. Nilikuwa nimemushika. Mukono iliacha kuhesabu kidogo mbele ya ile saa, nikafikiri amepata nafuu.

Siku ya tatu, 14/2

Tulimuzika chini ya shamba. Tulikuwa watu sita. Jules alichimba, yeye na cherehani yake hajazoea jembe, malengelenge imejaa mikono. Alikuwa ameshona kanzu nyeupe, alinipatia bila kuniangalia. Nilimufikiria huyu muntu vibaya myaka mingi. Padri alishakimbia. Niliomba mimi.

Posho, 17/2

Hakuna wa kupima.

Posho, 24/2

Nadine alipiga. Dokta anaomba kitu. Fishiye zote ziko kwake na jina ya Mama, na wanajifunza kwa hizo namba gisi ya kugawa dawa kwa wagonjwa wengine. Kama hatujue ni nani alitembea, watamukosea muntu mwingine. Aplikasyo inakubali kubadilisha jina ya fishiye na kueksporte tena. "Papa, unaweza?"

Nilikaa kwa duka. Nilifungua moja-moja na kaye hii pembeni. Kuandika jina kwa ile kioo ni kazi, kidole yangu ni munene. 23/9: Verdiane. 30/9: Verdiane, nimemushika. 7/10, 14/10, 21/10: Verdiane, nimemushika. 28/10: Barthélemy. 4/11: Barthélemy. Niliandika jina yangu mara kumi na tatu, posho zote mpaka mwezi wa kwanza. Mbele nilikuwa napenda kuandika jina yangu. 27/1: Verdiane.

Nilibonyeza Eksporte. Zilienda zote, ilikamata karibu saa nzima.

Nadine alizipokea, tukabaki kwa telefone wote wawili. Alisema Dokta aliangalia zile nilimushika, aliziangalia sana. Anasema mukono kweli inasaidia muntu wa ugonjwa hiyo kutembea, hata wazungu wanaijua. "Pale ulimushika alikuwa anatembea muzuri kweli, Papa. Ile haikuwa uongo." Akaongeza: "Lakini haiko dawa."

"Najua."

Nilisikia anapangusa pua. Kule nyuma yake gari za Goma zinapiga honi.

"Papa, leo umekula?"

Nilifungua mudomo kumuambia ndiyo, nimekula maharagi yangu, hakuna mwenye kuvuna kama mimi mwaka hii. Nikamuambia hapana.